Shajara ya riwaya: kumjenga Shija wa mwaloni

Februari

Riwaya ninayoiandika inatokea katika mwalo wa kubuni, yaani mahali mitumbwi ya uvuvi inapofikia na kushusha samaki, ambao nimeuweka kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria, kati ya Igombe na Kayenze, upande wa Ilemela mkoani Mwanza. Muhtasari wa visa umekamilika na sura za mwanzo zimekwisha kuandikwa. Katika shajara hii sitasimulia visa. Nitaandika juu ya watu, kadiri wanavyojengwa, kwa kuwa msomaji asipomwamini Shija, mwanamke anayenunua dagaa wabichi alfajiri na kuwauza wakavu katika soko la Mwaloni, Kirumba, hakuna mkasa utakaomfikisha kwenye sura ya mwisho.

Kazi ya mwezi huu imekuwa kuamua Shija anataka nini. Kusema kwamba anataka maisha bora hakumsaidii mtunzi, kwa sababu kila mtu anayataka, na haja ya kila mtu haimtofautishi yeyote. Shija anataka chanja. Anataka chanja nne za nguzo na wavu, zilizoinuliwa kufika kiunoni, ili dagaa wake wasianikwe tena mchangani. Dagaa walioanikwa juu ya chanja hupata hewa juu na chini, hukauka upesi, hawachanganyiki na mchanga wala kinyesi cha kuku na mbuzi wanaozurura ufukweni, na mnunuzi huwalipia bei nzuri zaidi. Haja hiyo ina kipimo, ina gharama, na inaweza kucheleweshwa na mvua, na mkopo, au na ndugu aliyeugua. Zaidi ya hayo, kila mtu wa kanda hii aliyewahi kutafuna dagaa wenye mchanga anaielewa bila kuelezwa, na tangu ukurasa wa kwanza anakuwa upande wa Shija kabla hajajua kama Shija ni mtu mwema au la.

Jambo hili la kuwa upande wa mhusika kabla ya kumpima wema wake nimelitafakari sana. Watunzi wengi tunaoanza hudhani kwamba ili mhusika apendwe ni lazima awe mwema, kwa hiyo tunamjaza subira, unyenyekevu na machozi mpaka anakosa pumzi. Mimi nimeanza kushika imani nyingine: msomaji humpenda mtu anayemwona akijali jambo kwa gharama yake mwenyewe, na humwamini mtu ambaye hesabu zake anaweza kuzifuata. Hesabu hapa ni hesabu kwelikweli, za ndoo, nauli, deni na mawingu. Riwaya yote nimeamua kuijenga juu ya imani hiyo, na shajara hii ndiyo itakayoonyesha inanipeleka wapi.

Uamuzi mmoja wa mapema ninauandika hapa ili usije ukanitoroka: Shija ana mume, na mume huyo yu hai, ana afya na ni fundi wa kushona nyavu. Kumfanya mjane kungekuwa njia fupi ya kumpatia huruma, na huruma inayopatikana hivyo ni ya msiba, si ya Shija.

Machi

Masika yameanza. Mwezi huu nimeutumia kutazama kazi, kwa sababu mhusika asiye na kazi inayoonekana hubaki sauti inayoelea hewani.

Kazi ya dagaa inaongozwa na mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: mwanga unawavuta wadudu wadogo wa majini pamoja na samaki wanaowafuata, kisha wavu unainuliwa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi taa za betri zinazochajiwa kwa jua zimechukua nafasi yake katika kambi nyingi. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa haufui dafu, na wavuvi hupumzika kwa siku kadhaa, hushona nyavu, hurekebisha mitumbwi, na wengine hurudi makwao kuona familia. Kwa hiyo fedha huingia wakati wa giza, na madeni huuma wakati wa mbalamwezi. Nimeipanga riwaya nzima kwa kalenda hiyo. Matokeo yake kwa usawiri wa wahusika ni makubwa kuliko nilivyotarajia, kwani mtu yule yule ana ulimi tofauti na mkono tofauti kulingana na usiku ulivyo. Shija wa giza ni mwepesi, ana amri, anatania. Shija wa mbalamwezi anahesabu sarafu mara mbili na anajibu maswali ya mumewe kwa maneno mafupi. Sikuhitaji kumbunia tabia mbili; zote mbili zimetoka kwenye kazi yake.

Nimeandika kurasa nyingi za ujuzi wake: jinsi anavyochota dagaa kwa kiganja na kutazama macho na ngozi yao kabla ya kutaja bei, jinsi anavyowarusha ili watawanyike kwa safu moja, maana wakirundikana huoza kabla ya kukauka, jinsi anavyojua, kwa kuwavunja kati ya vidole, kama wamekauka vya kutosha kuingia kwenye gunia, jinsi anavyowafukuza yangeyange na kunguru bila hata kunyanyua uso. Nyingi za kurasa hizo hazitaingia katika kitabu. Zimenisaidia mimi kuelewa ni mambo gani Shija huyaona kwanza anapofika mahali, na mtu hujulikana zaidi kwa yale anayoyaona kwanza kuliko kwa sura yake. Mpaka sasa msomaji hajaambiwa kama Shija ni mrefu au mfupi, na sina haraka ya kumwambia.

Ujuzi una faida nyingine ambayo haisemwi vya kutosha katika mazungumzo yetu kuhusu uandishi. Mtu anayeifanya kazi yake vizuri anavutia kumtazama, hata akiwa na ulimi mkali. Tunapomwona fundi akipiga msumari bila kupinda, au mama akipindua chapati kwa wakati wake, tunamwachia nafasi ya kutukosea kidogo. Nafasi hiyo Shija ataihitaji, kwa sababu kuna sura ambayo atamsema vibaya binti yake mbele ya watu.

Aprili

Sura ya nne imechukua mwezi mzima. Ni sura ya mvua. Wakati wa masika dagaa wabichi wanaweza kuwa tele, lakini jua halitoshi, na dagaa wanaonyeshewa wakiwa nusu wakavu huharibika. Wale wanaookolewa huuzwa kwa bei ya chini sana ili wawe chakula cha kuku na mifugo. Kwa mfanyabiashara mdogo, asubuhi moja ya mvua inaweza kula faida ya giza zima. Nilitaka sura itakayoonyesha Shija anaamua nini asubuhi kama hiyo, akiwa mbele ya Deo, kijana mwenye mtumbwi ambaye taa zake zilinunuliwa kwa fedha za Shija, na injini yake ni ya Mzee Magesa, tajiri wa mitumbwi. Ninanakili hapa kipande kilichokamilika, kinachoanza Deo akimwamkia Shija kwa Kisukuma na kwa jina la binti yake, Neema:

«Mwangaluka, Mama Neema.»

«Mwangaluka. Mmeamkaje huko ziwani?»

«Salama. Ndoo kumi na moja, na wote wazuri. Chukua zote, nimekuwekea wewe.»

Shija alichovya mkono katika ndoo ya kwanza, akawatazama dagaa kiganjani, kisha akainua uso kuelekea Ukerewe.

«Wingu lile litafika kabla ya saa nne.»

«Litapita tu.»

«Halipiti, Deo. Nipe nne. Zilizobaki mpelekee Mama Sayi, ana turubai jipya.»

«Mama Sayi? Si ndiye aliyekuchukulia wateja wako wa Geita?»

«Nimesema ana turubai. Wakilowa hawa, sote tutauza chakula cha kuku.»

Deo alianza kuzitenga ndoo. Alipofika ya nne alisimama.

«Na lile deni, nikate kwenye hizi?»

«Mtoto ameamkaje?»

«Homa imeshuka usiku.»

«Basi kata nusu. Ingekuwa haijashuka ningekuambia robo.»

Hakuna neno katika kipande hiki linalosema kwamba Shija ana huruma, na nimekataa kuliongeza. Swali la mtoto limewekwa kati ya deni na jibu la deni, kwa sababu ndipo linapokaa katika maisha ya mtu anayekopesha: hali ya mtoto inaingia ndani ya hesabu na kuibadilisha. Nilifikiria pia toleo ambalo Shija anasamehe deni lote asubuhi ile. Lingekuwa na mvuto wa haraka, lakini mwanamke anayenunua dagaa mwezi wa Aprili hana uwezo huo, na msomaji, hata kama hajawahi kufika mwaloni, huhisi pale mtunzi anapotoa fedha ambazo mhusika hana. Robo ina uzito kwa sababu Shija angeisikia. Vivyo hivyo kwa Mama Sayi: Shija hampelekei mpinzani wake ndoo saba kwa kuwa ana moyo wa dhahabu. Anafanya hivyo kwa kuwa dagaa wakiharibika Deo hatalipa, na pia kwa kuwa hawezi kustahimili kuona chakula kizuri kinaoza. Sababu hizo mbili, ya kibiashara na ya moyoni, sikuzitenganisha, maana hata yeye mwenyewe asingeweza kusema ipi ilitangulia.

Aristotle, katika maandishi yake juu ya sanaa ya ushairi, alitaka mhusika awe na uthabiti, na akaongeza kwamba hata mtu anayesawiriwa kuwa kigeugeu anapaswa kuwa kigeugeu kwa namna thabiti. Nimeuweka ushauri huo ukutani juu ya meza. Shija anaweza kukatalia nusu leo na kuachia robo kesho, mradi kipimo anachotumia kibaki kile kile na msomaji aweze kukikisia kabla hajafungua mdomo.

Mei

Majina yamethibitishwa. Katika familia za Kisukuma mapacha huitwa Kulwa na Doto, na mtoto anayewafuata huitwa Shija. Hivyo nilipomchagulia mhusika wangu jina hilo nilikuwa nimempa kaka au dada wawili waliomtangulia, na kila msomaji wa Mwanza, Shinyanga au Simiyu atauliza wako wapi. Nimewajibu. Kulwa na Doto ni wanawake, wanaishi pamoja Geita, wanafanya biashara moja, na katika utoto wao walikuwa wanatosheana. Shija alikua nyuma ya watu wawili ambao hawakumhitaji mtu wa tatu, akajifunza kumaliza mambo yake bila kuomba. Tabia yake ya kutokopa kwa ndugu, ambayo inazaa nusu ya matatizo ya riwaya, imepata mzizi kutoka hapo, na inanipa raha kuona mzizi ulivyochipuka kwenye jina ambalo mwanzoni nililichagua kwa sababu ya mlio wake tu.

Kuhusu majazi, yaani kumpa mhusika jina linalotangaza tabia yake, nimeamua kutoyatumia. Ni mbinu yenye heshima katika fasihi yetu, na wanafunzi wa sekondari huifahamu vizuri, lakini katika riwaya hii ingemwambia msomaji amchukie nani kabla hajakutana naye.

Namna wahusika wanavyoitana imehitaji uangalifu mkubwa zaidi. Mwaloni Shija ni Mama Neema kwa watu wote. Mumewe humwita Mama Neema mbele ya wageni, na akiwa peke yake naye humwita Shija. Yeye humwita Baba Neema kila mahali, hata anapokuwa amekasirika. Mzee Magesa humwita «mwanangu» anapotaka kitu. Deo humwamkia Kisukuma, ingawa mama yake ni Mkerewe, kwa kuwa anajua Shija hulainika akiamkiwa hivyo. Msomaji akishayazoea haya, badiliko moja dogo linatosha kubeba tukio zima: katika sura ya kumi na moja Mzee Magesa anamwita «Mama Neema» bila kumtazama, na msomaji anajua kwamba urafiki umekatika. Sikuongeza maelezo yoyote baada ya sentensi hiyo.

Juni

Mwezi wa Mzee Magesa. Huyu ndiye mhusika mkinzani, tajiri mwenye mitumbwi sita na injini zake, na ndiye niliyemwogopa zaidi tangu mwanzo.

Tajiri wa mitumbwi katika hadithi nyingi ni mnyonyaji asiye na masikio. Unyonyaji upo, na sikusudii kuufunika. Hata hivyo, nilipoandika hesabu zake kwa ukamilifu kama nilivyoandika za Shija, mtu mwingine alianza kujitokeza. Tajiri hutoa mtumbwi, injini, nyavu, taa, mafuta na chakula cha kambini. Gharama hukatwa kwanza kwenye mauzo, na kinachobaki ndicho kinachogawanywa kati yake na wavuvi. Wavuvi hulalamika kwamba gharama huongezwa kwa kalamu, na mara nyingine ni kweli. Lakini dhoruba ikichukua mtumbwi, au wezi wakichukua injini usiku, hasara ni yake, na hapo hakuna mgawanyo. Mtu aliyeishi miaka thelathini na hofu hiyo atakuwa na mkono mgumu bila ya kuwa na moyo mbaya. Nimempa Magesa daftari la jalada gumu ambamo huandika kila lita ya mafuta, na nimempa sura yake mwenyewe, ya sita, inayosimuliwa kutoka machoni pake, akilihesabu daftari hilo wakati mtoto wake wa kiume anapiga simu kutoka Dar es Salaam kumwambia kwamba hatarudi kushika kazi ya ziwani.

Kuna ushauri unaozunguka miongoni mwa watunzi kwamba mhusika mbaya apewe tendo moja jema, ampapase mbwa au amsaidie mtoto, ili msomaji asimchukie mno. Siupendi. Wema wa kubandikwa hutambulika, na baada ya kuubandika mtunzi hujiona amemaliza kazi, wakati kazi ya kumwelewa mtu huyo haijaanza. E. M. Forster, mwandishi wa riwaya Mwingereza, katika mihadhara aliyoitoa Cambridge mwaka 1927, aliwagawa wahusika kuwa bapa na duara, na akatoa kipimo ninachokiona kigumu na cha haki: mhusika duara ni yule anayeweza kutushangaza kwa namna ya kutusadikisha. Akitushangaza bila kutusadikisha, yeye ni bapa anayejifanya duara.

Kipimo hicho nimekitumia kwa Magesa katika sura ya kumi na mbili. Deo amepoteza taa mbili usiku wa upepo mkali, na kila mtu mwaloni anangojea tajiri achukue injini yake. Magesa anafika, anaikagua, hasemi kitu juu ya deni, na jioni anapanda mtumbwini pamoja na kijana yule, akiwa na miaka sitini na tatu, kwenda kumfundisha kufunga taa upya. Anakwenda naye usiku baada ya usiku mpaka giza linakwisha. Deni halifutwi, linaandikwa daftarini na tarehe yake. Tukio hili linashangaza, lakini msingi wake umewekwa mapema: katika sura ya sita Magesa amesimama nusu saa mvuani akimwelekeza mvuvi wa mtu mwingine kukunja wavu, kwa sababu hawezi kuvumilia kuona chombo kinatumiwa vibaya. Upendo wake ni kwa vyombo na kwa kazi kufanywa sawasawa, na kupitia huko humfikia binadamu. Nimeisoma sura hiyo kwa sauti mara nyingi na bado inanigusa.

Neema, binti wa Shija, hakupata muda mwezi huu. Ana miaka kumi na minne, anasoma, na anataka kuwa mbali na harufu ya dagaa. Atangoja.

Julai

Mwezi huu nimewasomea sura tano wasikilizaji wawili: mwalimu wa Kiswahili wa sekondari na mama mmoja anayeuza dagaa Kirumba kwa miaka mingi. Majina yao hayataonekana hapa wala katika kitabu.

Mwalimu alizungumzia nafsi ya usimulizi. Alitaka kujua kwa nini Shija hasimulii mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, ili tuingie moja kwa moja moyoni mwake. Tulijadiliana kwa muda mrefu, na nimebaki na nafsi ya tatu inayomfuata kwa karibu. Shija si mtu wa kujieleza. Akianza kusimulia atalazimika kutaja sababu za mambo ambayo yeye huyafanya tu. Msimulizi aliye karibu naye anaweza kuuona mkono wake ukisita juu ya ndoo, na kuuacha usite.

Muuza dagaa alisikiliza sura ya nne akiwa anachambua mzigo wake, akacheka alipofika kwenye chakula cha kuku, kisha akasema jambo ambalo limebadilisha nusu ya pili ya riwaya. Alisema kwamba mwanamke kama huyu angempa kijana fedha za taa, ndiyo, lakini asingemwambia mumewe mpaka siku fedha hizo zitakaporudi. Nilimwuliza kama huo si uongo. Akajibu kwamba si uongo, ni kungojea. Sasa fedha za taa za Deo zimetoka kwenye akiba ya chanja, akiba ambayo mume wa Shija anachangia kwa kushona nyavu usiku, naye hajui kwamba imepungua. Shija amepata siri, na siri hiyo inatokana na sifa ile ile inayomfanya apendwe, yaani kumjali Deo. Sikupata kasoro ya kumwongezea kutoka nje. Wema wake ulipofuatwa mpaka mwisho wa hesabu ulimgusa mtu mwingine mahali pabaya.

Hapa niandike neno juu ya kuazima kutoka kwa watu walio hai. Mwalo ni mahali padogo. Ukimchukua mtu mmoja na kilema chake, deni lake na jina la mtoto wake, kijiji kizima kitamtambua kabla kitabu hakijafika dukani, na mtu huyo hana ukurasa wa kujibu. Kanuni yangu ni kwamba ninaweza kuchukua namna ya kufanya kazi, maana hiyo ni ya wengi, na ninaweza kuchukua mwendo wa sentensi, lakini aibu ya mtu siichukui. Aibu za wahusika wangu zimebuniwa zote. Ninalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaodai kwamba uhalisia unahitaji ukatili wa aina hiyo, nami sikubaliani nao.

Nimerudi pia kwa Aniceti Kitereza, mzee wetu wa Ukerewe, aliyekamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945 na ambayo ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Nilitaka kuona tena kwa nini Myombekere, mhusika wake mkuu, anapendeka hivyo. Mkewe Bugonoka amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ya maneno ya ndugu wa mume juu ya kukosa mtoto, na Myombekere anamfuata ukweni, anajishusha, anashughulikia pombe ya ndizi anayotakiwa kuitoa ili arudishiwe mke. Mwandishi hamsifu kwa maneno makubwa. Anaonyesha kazi, salamu, njia, maandalizi, kwa subira ambayo leo wengi wangeiita uzito, na kutokana na kazi hiyo yote msomaji anapima jinsi mume huyu anavyomtaka mke wake. Kwangu hilo ni somo la ukoo. Kwenye ziwa hili hili, miaka mingi kabla yangu, mapenzi ya mhusika yalipimwa kwa jasho lake, na nina furaha kubwa kulima kando ya shamba hilo.

Agosti

Kiangazi. Jua ni la kutosha na dagaa wanakauka vizuri, na ndani ya riwaya pia tumefika msimu huo. Shija amejenga chanja mbili kati ya nne. Mumewe ameigundua akiba iliyopungua, na sura ya ugomvi wao imeandikwa bila kelele: anamwuliza bei ya taa, anamwambia angeweza kuzipata kwa bei nafuu zaidi mjini, kisha anarudi kwenye wavu wake. Nilihofia kwamba mume huyu angekuwa kivuli tu, lakini kwa swali lile la bei amekuwa mtu. Anaumia kwa kutoulizwa, na anajua kununua.

Neema amepata sura yake. Nimempa kazi ambayo anaichukia na anaiweza: kuandika hesabu za mama yake. Ni yeye, kupitia hesabu hizo, aliyejua siri kabla ya baba yake, na akanyamaza. Ukimya huo umewasogeza yeye na mama yake karibu kuliko mazungumzo yoyote niliyokuwa nimeyapanga, na kutokana nao lile tukio la Shija kumsema mbele ya watu limekuwa zito zaidi, kwa sababu anamsema mtu anayemhifadhia siri. Sijalilainisha. Shija haombi radhi kwa maneno. Kesho yake anamwachia Neema chanja mpya aanike dagaa wake mwenyewe, fedha ziwe za shule.

Deo ndiye anayebaki. Katika rasimu iliyopo anaonekana siku zote kutoka machoni pa wengine, kama mdaiwa wa Shija au mwanafunzi wa Magesa, na kwa hiyo hajapata kutaka kitu chake mwenyewe. Nimeamua kwamba anataka kununua injini ya Magesa, ile ile, ingawa ni kuukuu na zipo bora zaidi, kwa sababu anaijua sauti yake usiku. Sura ya tisa itaandikwa upya ikimfuata yeye kutoka jioni mpaka alfajiri ya usiku wa upepo, na itabidi nionyeshe anakata nini kwanza, kamba ya taa za Shija au wavu, na kwa nini. Taa ni deni, wavu ni chakula cha kesho, na mtumbwini ana wenzake wawili. Ninazo hesabu za taa na za wavu. Bado ninatafuta ya wale wenzake, yaani nani kati yao anajua kuogelea na nani Deo anamdhania anajua. Sura ikikamilika nitaipeleka Kirumba wakati wa mbalamwezi, muuza dagaa akiwa na nafasi ya kukaa na kuisikiliza yote.